Sijambo ya Ami Mwidani

Wa kwanza kujua kwamba Ami Mwidani hana tena bunduki walikuwa tumbili. Sisi majirani tulihitaji wiki nzima kuamini, na kikundi cha WhatsApp cha mtaa kilihitaji wiki mbili, maana kila mtu alikuwa na habari yake. Tumbili walitazama mara moja tu. Siku aliyorudi kutoka hospitali, alipotoka uani mikono mitupu, dume mmoja mkubwa alimwangalia mkono wa kulia, akamwangalia wa kushoto, kisha akashuka mpapai taratibu na kuketi kwenye ukingo wa kisima kumalizia papai lake. Hata mbegu alizitema upande wa Ami.

Mimi naitwa Jalila. Nina duka la kuchapa barua, kupiga kopi na kutuma maombi ya serikali kwa mtandao, hapa Likoni, karibu na ofisi ya chifu. Anayetaka kujua siri za watu asihangaike kwa waganga, na afungue duka la kuchapa barua. Barua zote za Ami Mwidani zilipita mikononi mwangu. Moja kati ya hizo nusura imzike kabla ya siku zake, na kosa lilikuwa langu, lakini hiyo nitaifikia.

Ami si ndugu yangu wa damu. Namwita ami kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mzee wa jirani humwiti kwa jina tupu ukabaki na masikio yako. Amezaliwa Mtongwe na hajawahi kulala kwingine kwa hiari yake. Baba yake alimwachia shamba la ekari tatu la mikorosho, mipapai na mihogo, na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Bunduki hiyo akaiombea cheti kwa jina lake, akafuata kila sheria, na kwa miaka ishirini na miwili akawa anaifyatua hewani tu kufukuza tumbili. Hajawahi kuua hata kunguru, na kunguru wa Mombasa jinsi walivyo, huo ni ustahimilivu.

Tumbili wakiingia mahindi ya mtu, neno lilikuwa moja: mwiteni Mwidani. Naye alikuja, kofia kichwani, bunduki begani, akisalimia nyumba baada ya nyumba. Salamu zake hazikuwa za mkato. Hujambo, watoto hawajambo, mbuzi aliyezaa je, na lile paa limeacha kuvuja? Tumbili walizisikia salamu zile kutoka mbali wakaanza kuondoka wenyewe, kwa hiyo mara nyingi alifika shambani hakuna wa kumfyatulia. Naye akisalimiwa, jibu lake lilikuwa moja siku zote: “Sijambo, alhamdulillahi.” Mwaka aliovunjika mguu tulimkuta amelazwa juu ya mkokoteni anapelekwa zahanati, mguu umeangalia kwingine kabisa. Tulipomuuliza, alisema hajambo.

Basi hiyo sijambo ndiyo iliyotuponza sote.

Mdogo wake, Jafar, alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya figo. Walikuwa wakilima pamoja tangu utotoni, na kila asubuhi walikunywa chai pamoja chini ya mkorosho wa kwanza, wakibishana juu ya mambo yasiyo na faida kwa mtu yeyote. Tulizika, tukasoma hitima, watu wakatawanyika. Ami Mwidani akaacha kulala. Siku tisa hakulala, na siku zote tisa tulimsalimia akajibu sijambo, na sisi na adabu zetu tukasema alhamdulillahi tukaenda zetu. Siku ya tisa, jua limeshapanda, aliketi kwenye kigoda chini ya upenu, bunduki imelala mapajani. Akawa anawaambia tumbili waseme ujumbe wa Jafar kama wameuleta, yeye hana haraka. Kisha akamgeukia mkewe, Bi Mwanatabu, akamwambia kwa upole kabisa: “Mwanatabu, mimi sijambo. Lakini wewe leo nenda kwa dadako.”

Bi Mwanatabu hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akatoka na bakuli la uji uliokuwa ukitokota, limejaa hadi ukingoni. “Shika,” akamwambia, “shika kwa mikono miwili, utakuunguza.” Na Ami, mtu wa adabu hata katika hali ile, akaushika kwa mikono miwili. Bi Mwanatabu akainyanyua bunduki mapajani mwake, akaizungushia mkeka, akapanda tuktuk hadi kituo cha polisi. Dereva alipouliza mkeka ule mzito wa nini, alimjibu ni wa matangani. Siku hiyo hiyo Ami akalazwa, akakaa hospitali wiki sita, akapewa dawa, akalala. Alivyonisimulia mwenyewe, wiki ya kwanza alilala kama anayelipa deni.

Alirudi mzima, mwembamba kidogo, na kukuta barua ya kumwambia kwamba cheti chake cha bunduki kimefutwa kwa sababu ya maradhi ya akili. Hapo ndipo alipokuja dukani kwangu kwa mara ya kwanza.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hii. Macho yangu yaisoma, moyo waikataa.”

Nilimsomea yote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba aliyefutiwa akipona anaweza kuomba arudishiwe. Alitakiwa kuleta ripoti ya daktari, barua ya chifu, barua ya jirani asiye wa ukoo, na tamko la mtu mzima anayeishi naye nyumba moja, kwamba haoni hatari yoyote. Kisha angefika mbele ya kamati.

“Kwa hivyo,” akasema Ami, “wataka niwaletee karatasi kwamba nina akili.”

“Ndivyo.”

“Wewe unayo yako?”

Nilicheka, kisha nikaona kweli sina. Hata leo sina. Nikitazama wateja wangu wengi, nadhani hawana pia.

Haja yake haikuwa tumbili peke yao, ingawa alisema tumbili kila alipoulizwa. Mtu aliyekuwa akiitwa mtaa mzima ukiingia msukosuko, sasa alipopita watu walivuta watoto ndani. Wanawake kisimani walimpa salamu fupi. Alitaka karatasi yenye muhuri iseme kwamba yeye ni Mwidani yule yule, na bunduki ndiyo njia pekee aliyoona ya kuipata. Mimi nilimwelewa, nikamwonea huruma, nikaharakisha kumsaidia. Haraka yangu ndiyo iliyoharibu.

Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na barua moja tu iliyokuwa na maneno “akili timamu”, nayo ilikuwa wasia wa marehemu mmoja wa mtaa wa Shika Adabu. Nikaifungua, nikatoa jina la marehemu, nikatoa nyumba mbili na wake watatu, nikaweka jina la Ami. Ikasomeka hivi: “Mimi Mwidani, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu yeyote, natamka haya ili yajulikane baada yangu.” Halafu ikafuata bunduki. Nilijiona hodari. Nikaipiga kopi tano.

Chifu wetu, Rama, aliisoma, akavua miwani, akasimama na kumshika Ami mkono kwa mikono yake yote miwili. “Mzee wangu,” akasema, “wamekwambia umebaki muda gani?” Ami, ambaye hakujua kilichoandikwa, akajibu: wiki mbili inshallah, mambo yakienda vizuri. Chifu akatokwa na machozi. Kufikia alasiri binamu zake watatu walikuwa wamefika kutoka Ng'ombeni kumjulia hali. Mmoja alimshika mkono na kumwombea dua ndefu, na wawili waliobaki wakazunguka shamba wakihesabu mikorosho, tena kwa sauti.

Kesho yake asubuhi mlango wangu uligongwa kwa ngumi.

“Jalila!”

“Abee, Bi Mwanatabu. Shikamoo.”

“Shikamoo yako iweke hapo. Umemwandikia mume wangu wasia?”

“La, wallahi! Ni ombi tu la—”

Akaiweka ile kopi mezani na kidole juu ya neno. “Hapa yasema nini? Baada yangu. Mtu aandika baada yangu, na hapo hapo aomba arudishiwe bunduki. Haya, yaweke hayo mawili pamoja uniambie nilale vipi.”

Nikaisoma upya, kwa macho yake. Niliona haya hata nikatamani stuli yangu inimeze. Nilimweleza kosa, nikaomba radhi, nikamfutia wasia ule mbele yake. Akanisamehe, maana ni mtu mwema. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akaniambia lile tamko la mtu wa nyumbani nisimletee. “Mimi siweki saini. Waambie kalamu yangu imekauka.”

Basi kazi ikawa hiyo. Karatasi nyingine tulizipata, kila moja kwa aibu yake.

Chifu Rama alipoelewa kwamba mzee hafi, alifurahi, kisha akakwama. Alikuwa na fomu za waliozaliwa, waliokufa, waliopoteza vitambulisho na waliogombania mipaka. Fomu ya mtu mwenye akili hakuwa nayo. Mwishowe aliandika kwamba Mwidani ni mkazi wa lokesheni yake, anamfahamu, na kwamba “katika ofisi hii hakuna malalamiko juu ya kichwa chake”. Akapiga muhuri mara mbili kwa usalama.

Jirani asiye wa ukoo alikuwa Absalom, Mluhya anayefanya kazi kiwandani Changamwe na amepanga nyumba nyuma ya shamba la Ami. Tangu bunduki iondoke, tumbili walikuwa wakimwingilia jikoni. “Aki Jalila,” akaniambia, “hao jamaa wamenizoea vibaya. Juzi mmoja alichukua chapati kwa sahani, akaniangalia, akarudi kuchukua ya pili. Andika chochote, nitasaini.” Nikamwambia aandike mwenyewe, kwa moyo wake. Akaandika ukurasa mzima, na katikati mlikuwa na sentensi hii: “Huyu mzee hata alipokuwa mgonjwa alikuwa na heshima kuliko wengi wenye akili hapa mtaani, na nikitakiwa naweza kutaja majina.” Majina alikuwa ameyataja. Nilimsihi nusu saa mpaka akakubali yafutwe, likiwemo langu.

Daktari wa akili, Daktari Janice, hakusumbua. Alimpima mara tatu, akaandika kwamba anaendelea vyema akiwa kwenye dawa. Kisha akamwambia mbele yangu kwamba tamko la mkewe lina uzito kuliko ripoti yake, kwa sababu yeye humwona mgonjwa nusu saa na mke humwona anapodhani haonwi.

Ami akaamua kumwonyesha mkewe akili. Sijui ni nani aliyemshauri, nataraji si mimi. Akaanza kupiga pasi hata shuka. Akaacha kuongea na mbuzi wake, jambo alilolifanya maisha yake yote bila mtu kumshuku, na mbuzi akapunguza maziwa. Alitembea polepole, mikono nyuma, akatafakari kabla ya kujibu hata aliyemuuliza saa. Mtu akifanya mzaha, hakucheka mpaka awe amehakikisha kwamba kweli ni mzaha. Na salamu zake zikaongezeka: alikusalimia, akazunguka nyumba, akakusalimia tena, ili upate la kumshuhudia. Baada ya mwezi mmoja mtaa mzima ulikuwa na yakini kwamba maradhi yamerudi. Kisimani walinong'ona: mnamwona anavyojitahidi?

Nikaenda kumwona Bi Mwanatabu. Nilimkuta barazani akikuna nazi, nikachukua mbuzi ya pili nikakaa kumsaidia, maana maneno mazito ni rahisi mikono ikiwa na kazi. Nikamuuliza anaogopa nini, na daktari amesema amepona.

“Sikatai kwamba amepona,” akasema. “Akila namwona ala. Akilala namsikia. Lakini Jalila, mimi nimeolewa na yeye miaka thelathini na moja, na siku zile tisa kila nikiamka namuuliza hujambo, yuwanijibu sijambo. Siku tisa! Mtu yuwateketea, na mdomoni mwake hajambo. Mpaka leo namuuliza, aniambia sijambo, na sauti ni ile ile. Sasa nitajuaje? Siku nyingine ya tisa nitaijuaje?” Akafuta jicho kwa mkono wenye machicha ya nazi, ukabaki mchirizi mweupe shavuni. “Bunduki naiogopa kidogo. Hiyo sijambo ndiyo naiogopa sana.”

Nilitaka kumwambia kila mtu hapa husema hivyo, hata mwenye nyumba inayowaka. Lakini huo ulikuwa ushahidi wa upande wake.

Nilimweleza Ami maneno hayo, kwa kirefu. Alinisikiliza, akakunja kofia yake, akaikunjua. “Nimemsikia,” akasema. Kisha akauliza kama barua ya kamati imefika.

Ilikuwa imefika, baada ya kungojewa zaidi ya mwaka. Kikao kilipangwa Jumatano saa nne asubuhi, katika jengo moja la serikali ng'ambo, kisiwani, na jalada lisilokamilika siku hiyo lingefungwa. Karatasi tatu tulikuwa nazo, ya nne haikuwa na saini. Bi Mwanatabu alisema atakuja. “Kuja nitakuja,” akasema. “Kalamu siahidi.”

Tulivuka feri wanne: wao wawili, mimi na bahasha, na Absalom aliyeomba ruhusa kazini kwa sababu ya chapati. Njia nzima nilimfundisha Ami. “Wakikusalimia, Ami, ujibu kwa sauti ya furaha. Sijambo, alhamdulillahi. Usiongeze, usipunguze. Wanatazama tangu salamu.” Akaitikia kwa kichwa. Bi Mwanatabu alitazama maji.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, nyuma ya meza ndefu, kiyoyozi kikipuliza baridi ya kutosha kuhifadhi samaki. Mwenyekiti alikuwa Bwana Changawa, afisa mstaafu, mtu wa huku huku kwetu, na akaanza kama watu wa kwetu wanavyoanza. Kulia kwake alikaa karani na kushoto Daktari Janice, aliyeitwa kwa ajili ya ripoti yake.

“Mzee, hujambo?”

Ami akafungua mdomo. Mimi kwa kimya nilishaijibu mara tatu. Akaufunga. Kiyoyozi kikanguruma. Absalom akanikanyaga mguu, kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa.

“Bwana mkubwa,” akasema Ami hatimaye, “kama wanisalimia tu, sijambo. Lakini kama waniuliza, leo si mzuri.”

Karani akaacha kuandika.

“Nimelala masaa matatu. Tangu juzi moyo wanidunda kwa ajili ya kikao hiki. Na jana magharibi nilimkumbuka mdogo wangu Jafar, chakula kikanishinda. Nimekunywa dawa, lakini si mzuri. Huo ndio ukweli wangu wa leo.”

Nilifumba macho. Karatasi zote zile, mihuri miwili ya chifu, nusu saa ya kumsihi Absalom, zote nikaziona zikielea baharini. Absalom alisema neno la kwao ambalo sikulijua na sikuhitaji kutafsiriwa.

Bwana Changawa akaweka kalamu chini. “Mzee, unajua hii ni kamati ya bunduki?”

“Najua.”

“Na unaniambia huko vizuri.”

“Umeniuliza.”

“Sasa kama bunduki ingekuwa nyumbani kwako leo, ungefanya nini?”

“Leo?” Ami akafikiri, na safari hii alikuwa akifikiri kweli. “Leo ningempa Mwanatabu ufunguo wa kabati, nimwambie asinipe hata nikimbembeleza. Kisha nimwambie amwite daktari. Siku ile sikujua kusema. Nilijua kusema sijambo tu.”

Halafu nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu. Bi Mwanatabu alikuwa amesimama, leso yake imeshuka begani, na hakujali kuipandisha.

“Nipeni kalamu,” akasema.

Bwana Changawa akamtazama, akamtazama Ami. “Mama, umemsikia? Amesema hayuko sawa. Na ndipo unataka kuweka saini?”

“Ndipo. Miaka miwili nangoja nisikie neno hili. Akiweza kuwaambia nyinyi msiomjua, mimi mkewe ataniambia. Aliyekuwa hajambo kila siku, huyo sikuweza kumwekea saini. Huyu nammudu.”

Akainama, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kwa kalamu ya mwenyekiti. Ami alikuwa akilia waziwazi, na hakuna aliyedhani ni maradhi. Daktari Janice alitafuta kitu kwenye mkoba wake kwa muda mrefu na sidhani alikipata. Mimi nililia pia, sioni haja ya kuficha.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba, nami ndiye niliyelichapisha kutoka kwenye mtandao, kwa karatasi nzito ambayo huwa naiweka kwa vyeti vya ndoa. Cheti kimerudishwa kwa masharti: kliniki kila miezi mitatu, kabati la chuma, ufunguo ukae kwa mkewe, na jalada kupitiwa tena baada ya mwaka. Ami aliifanyia barua hiyo fremu, akaitundika barazani pale mgeni hawezi kukosa kuiona. Binamu wa Ng'ombeni walipokuja, aliwasomea yote, kisha akawauliza kwa adabu vyeti vyao viko wapi.

Siku ile bunduki iliporudi alifyatua mara moja, hewani. Tumbili wakakimbia hadi uani kwa Absalom. Absalom aliwapokea kwa mwiko, wakarudi. Tangu hapo, nijuavyo mimi, hajafyatua tena. Si kwamba hataki. Ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso ya Bi Mwanatabu, na kila akiuomba, kwanza huulizwa hujambo, na jibu la neno moja halipokelewi. Lazima aseme amelala masaa mangapi, amekula nini, dawa amekunywa saa ngapi, na Jafar amemkumbuka vipi. Mazungumzo hayo yakiisha, tumbili huwa wameshakula wakaenda zao kunywa maji.

Jumamosi iliyopita nilipita kwao asubuhi kuwapelekea kopi ya kadi ya kliniki. Mpapai mkubwa ulikuwa na mapapai tisa yameiva, na dume yule yule alikuwa anapanda na jamaa zake. Ami akaja mbio kutoka bandani.

“Mwanatabu! Ufunguo!”

“Hujambo?”

“Nimelala masaa saba, nimekula muhogo wa nazi, dawa nimekunywa saa moja, Jafar nimemkumbuka nikacheka. Sijambo kweli.” Akanyoosha mkono. Kisha, kwa mazoea tu ya mtu wa salamu, akaongeza: “Na wewe hujambo?”

“Sijambo,” akajibu Bi Mwanatabu haraka, vidole vikihangaika na fundo la leso. Ufunguo ukatoka. Akamnyooshea.

Ami akaupokea, akageuka, akapiga hatua mbili, akasimama. Akarudi.

“Mwanatabu. Nakuuliza.”

Bi Mwanatabu aliangalia chini. “Sikulala,” akasema. “Sijalala vizuri tangu siku ile. Wewe walala, mimi nasikiliza unavyopumua. Miaka miwili sasa, Mwidani. Nimechoka.”

Ami aliukamata upindo wa leso, akaurudisha ufunguo ndani, akaukaza kwa fundo. Akamketisha kwenye kigoda chini ya upenu, akaingia jikoni. Mimi nilibaki na kopi yangu mkononi, sijui niende au nikae. Alitoka na bakuli la uji, limejaa hadi ukingoni, linatoa mvuke.

“Shika,” akamwambia, “kwa mikono miwili.”

Akaketi chini miguuni pake, akangoja anywe. Tumbili walimaliza mapapai yote tisa, na hakuna aliyeinuka.